Vioo vya Juu ya Boneti

Jumapili, tarehe 16 Februari 2025, asubuhi iliamka bila upepo. Mawingu mepesi yalipita juu ya Mji Mkongwe yasiache hata tone, na mapema tu jua lilikuwa limeshawaka katika uwanja wa Maisara, ambako gari za zamani aina ya Datsun zilipangwa kwa msafara wa kwenda Kizimbani, zikimeremeta kama vyombo vya harusi. Watu walijaa kupiga picha.

Ulfat alifika na Datsun nyeupe aliyoachiwa na marehemu baba yake. Alivaa baibui jeusi na mtandio wa zambarau. Kwenye kiti cha nyuma aliketi mama yake, Bi Salhiya, amelikumbatia sufuria la pilau la msafara mzima.

"Shikamoo, mama," alisema Kheir, akiinama dirishani na shati lake lililopigwa pasi mpaka likafanya mistari.

"Marahaba, mwanangu. Umependeza."

"Gari yake ndiyo iliyopendeza," alisema Ulfat. "Yeye kama mlinzi wake tu."

Ulfat na Kheir walikutana mwaka jana Darajani, katika duka la vipuri vikuukuu, kila mmoja ameshika upande wake wa taa moja ya Datsun. Walivutana, wakatukanana kwa adabu, wakaishia kucheka. Taa alichukua Ulfat. Sasa posa ilikuwa imeshapokewa, na nikaha ni Ijumaa ijayo, kabla ya mwezi mtukufu kuingia.

Kheir, fundi umeme wa nyumba mpya za Fumba, alikuwa na jambo la kuonesha. Alikuwa amefunga vioo vya asili vya kutazamia nyuma, vile vidogo vinavyokaa juu ya boneti. Alivitafuta kwa muda mrefu. Vilikuwa vimeota madoa meupe ya uzee.

"Vya kisasa nshavitoa vyote, hata cha ndani," alijisifu. "Hata simu nimeifungia kwenye droo ya gari, isitokee kwenye picha."

"Na mimi utaniona kwa vioo hivyo?"

"Wewe, roho yangu, nnakuona hata nikifumba macho."

Bwana Muhiddin, mkuu wa msafara, alisoma dua ya safari, kisha akakumbusha sharti lao: "Kila dereva anamlinda aliye nyuma yake. Akisimama, unasimama."

Ulfat alikuwa wa mwisho. Mbele yake alikaa Kheir. Nafasi hiyo aliiomba mwenyewe.

Walipita Bububu, wakakata kulia kupanda Kidichi. Hapo mlimani mpira wa maji wa rejeta ya Ulfat ulipasuka na mvuke ukafunika kioo chote cha mbele. Alipiga honi. Aliwasha taa na kuzima. Gari la Kheir lilipinda kona, likapotea.

Alimpigia simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena.

"Huenda hakusikia," alisema Bi Salhiya.

"Mama, usimtetee. Leo tu, usimtetee."

"Simtetei. Nasema huenda."

Ulfat alichana ukingo wa kanga ya mama yake, akaufunga mpira kwa nguvu, akamimina maji yao ya kunywa kwenye rejeta.

"Kanga yangu ya Idi hiyo!"

"Atakununulia nyengine. Halafu aende zake."

Kidole kiliungua, mtandio ukaingia grisi. Alimwomba Mola wake subira. Subira haikuja upesi.

Kizimbani wenzao walikuwa wameshatandika mikeka, wanaulizana pilau liko wapi. Kheir alikuwa anapigwa picha ameegemea boneti, kando ya vioo vyake. Datsun nyeupe iliingia ikitoa mvuke, na Ulfat akashuka bila kuzima gari.

"Kipenzi, umechelewa! Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Roho yako gani hii inayoachwa Kidichi na mama yake mzazi?"

"Wallahi nilikuona. Kila nikitazama kioo naona cheupe, nikasema ni wewe."

Ulfat alikwenda kwenye boneti ya Kheir, akainama mbele ya kioo. Doa jeupe lilikaa katikati kabisa, pale ambapo gari lake lingeonekana.

"Njoo utazame," alisema. "Njia nzima umelitazama doa, ukaliita mchumba. Na simu?"

"Iko kwenye droo."

"Kwa ajili ya picha!"

Mmoja wa wenzao alicheka. Bwana Muhiddin alimtazama, kicheko kikakatika.

"Baba yangu aliendesha gari hii miaka yote," alisema Ulfat, "na hakumwacha mtu njiani hata siku moja. Waambie wazee wako Ijumaa wasije."

Kheir alitaka kusema kuhusu vitu vya asili, kuhusu tabu ya kuvipata vile vioo, na akaona haya. Alichukua spana, akapiga magoti, akafungua kioo cha kwanza, kisha cha pili, akaviweka chini kwenye vumbi. Boneti ilibaki na matundu.

Alimsogelea. "Ulfat," alinong'ona, "nisamehe. Nnakuahidi..."

"Usininong'oneze! Umeniacha barabarani, watu wakipita wananitazama. Sema hapa, watu wasikie."

"Inshallah nitakuwa..."

"Inshallah ya moyoni, Kheir. Si ya kukwepa."

Bi Salhiya alilitua sufuria kwenye mkeka, lakini mkono wake ukabaki juu ya kifuniko. "Hafungui mtu," alisema. "Kwanza tumsikie."

Kheir aliwageukia wote. Mikono ilikuwa na vumbi, shati limekunjamana, na safari hii hakuwa akitazama kamera yoyote. Alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mkeka wa mwisho:

"Bi Salhiya, Bwana Muhiddin, nanyi nyote, kuweni mashahidi, na Mungu ni shahidi mkubwa zaidi. Nilipewa mtu mmoja wa kumlinda, nikamwacha. Kuanzia njia ya kurudi leo, Ulfat anatangulia na mimi nakaa nyuma yake, nimwone kwa macho yangu haya, si kwa kioo. Akisimama, nasimama. Akinipigia, napokea. Na akinikubali Ijumaa, inshallah ya moyoni, sitamwacha njiani maisha yangu yote."