Mara Tatu Awasi

"Mama, toa hizi nguo njiani. Gari la zimamoto litapita wapi?"

Soko la Kibuye lilikuwa limejaa pomoni, Jumapili. Seline Aloo, muuza vitenge, aligeuka na jibu kali mdomoni. Mbele yake alisimama kiongozi wa zamu wa zimamoto, sare ya buluu imenyooshwa pasi, viatu vinang'aa.

"Lipite juu yangu basi!"

"Wewe nitakubeba mwenyewe, jaber. Mrembo haachwi kwa moto."

Wachuuzi wakaangua kicheko. Wiki hiyohiyo yule wa zimamoto, Dalmas Ouma, alinunua vitenge vitatu ambavyo hakuvihitaji.

Walipendana, tena sana. Kila alipotoka zamu alipiga simu: "Mpenzi, nimetoka mzima." Kazini alikuwa na ubao. Kila askari aliyeingia motoni alitundika pale kibati chenye jina lake, na Dalmas hakubanduka mpaka kila mmoja achukue chake. Miaka yake yote ishirini na tisa ya kazi hakumwacha mtu ndani. Wakampandisha cheo hadi mkuu wa kituo. Alistahili, sibishi.

Lakini ayie je? Kwa Wajaluo, mwanamume hupeleka pesa hiyo ya kuomba ridhaa kwa mama wa msichana. Mama akiipokea, ndipo ndoa huanza. Mara ya kwanza kuku walichinjwa kwa kina Seline, Awasi, Dalmas akawa Nyalenda, nyumba za mabati zinateketea. Mara ya pili alikuwa likizo, kavaa suti, akasikia king'ora akiwa bado mjini, mtaa wa Migosi. Akageuza gari.

"Si uko na naibu?" Seline alilia kwenye simu.

"Naibu hajui vijana wangu kama mimi. Wiki ijayo, mpenzi, haki ya Mungu."

"Sema tu hunitaki. Uko na mwingine."

"Mwingine nitamtoa wapi, na wewe mwenyewe nashindwa kukufikia?"

Ilikuwa kweli, na ndilo lililouma. Mara ya tatu ghala liliwaka mjini. Mama alikaa kitini mlangoni tangu asubuhi, mgonjwa, amejifunga kitenge kipya, mpaka jioni akaomba asaidiwe kulala. Mwezi wa nne akafariki. Dalmas alikuja mazishini akasimama nyuma kabisa, maana hakuwa mkwe wa mtu.

Alistaafu mwezi wa sita. Ijumaa iliyofuata alifika Awasi na suti ileile, bahasha mfukoni.

"Shangazi yako anaweza kuipokea ayie badala ya mama," alisihi. "Saa hii niko na wakati, Seline. Wote ni wako."

"Shangazi hakukungoja mara tatu." Sauti yake ikashuka. "Vijana wako wote uliwahesabu, Dal. Mimi uliniacha ndani."

Dalmas akapiga magoti, mzee mzima, akalia bila kujificha. Na Seline alimpenda bado. Uchungu ulikuwa hapo. Akamwekea mkono begani. Alishaamua kumkubali, alikuwa anatafuta tu pumzi ya kusema.

King'ora kikalia barabara ya Kericho.

Kabla hajajua, Dalmas alikuwa wima, uso umeelekea langoni, mkono unapapasa funguo za gari. Ndipo alipokumbuka kwamba hakuna zamu inayomngoja. Akageuka.

Seline alikuwa amekiinua kile kiti cha mama kutoka mlangoni.

"Nenda, Dal," alisema, machozi yakimtiririka. "Mimi nimechoka kungoja."

Akakiingiza kiti ndani, akafunga mlango.