Kubwiro wa Boglárka

— Sipigi leo. Tafuta mwingine.

Boglárka alimwambia mumewe hivyo bila kugeuka, filimbi yake ikiwa bado mkobani. Nje ya pazia ukumbi wa mji wa Szekszárd ulikuwa unajaa watu, madirisha wazi kwa sababu ya joto la mchana. Walikuja kusikia muziki mpya wa mumewe huyo, Zsombor, aliyetumia miaka kugeuza sauti za ndege na nyimbo za vijijini kuwa kazi ya okestra. Na sehemu ya kubwiro, yule ndege wa manjano, ilikuwa ipigwe na Boglárka kwa filimbi.

Asubuhi Zsombor alimtumia ujumbe: "Umenisikia redioni?" Hakujibiwa. Alisikika vizuri sana. Boglárka alikuwa jikoni akitoa kokwa za cheri chachu, mtangazaji akauliza wimbo wa kubwiro ulitoka wapi. Bwana mkubwa akajibu kwa madaha kuwa ni wimbo wa kale wa vijiji vya Sárköz, hauna mwenyewe, aliuokota tu kijijini.

— Uliuokota kwa nani? — Boglárka alimuuliza sasa, nyuma ya pazia.

— Kwako. Ulikuwa unachuma cheri kwa shangazi yako. Si wimbo wa bibi zenu?

— Bibi gani, Zsombor? Niliutunga mimi.

Zsombor akakaa chini. Hawa wakusanya nyimbo ndivyo walivyo. Mwanamke wa kijijini akifungua mdomo, wao wanamsikia bibi yake marehemu.

— Mbona hukuniambia?

— Nilingoja uniulize. Ndege akilia unataka kujua ni nani, anamwita nani. Mimi hujaniuliza hata siku moja. Nimechoka, mwenzangu.

Hakulia. Machozi ya jambo hilo yalikwisha zamani.

— Ulikuwa unamwimbia nani?

— Wewe. Ulikuwa umeinua kichwa, unamtafuta kubwiro.

Zsombor akaenda jukwaani, akawaambia watu:

— Asubuhi redioni nimesema wimbo huu hauna mwenyewe. Anaye. Anaitwa Boglárka, ni mke wangu. Alinitungia mimi, nami sikumsikiliza.

Boglárka alisikia yote nyuma ya pazia. Hasira haikuisha, na uchovu ndio kabisa. Lakini alifungua mkoba, akaunganisha filimbi yake, akaenda kukaa mahali pake.

Alipofika katikati ya wimbo, kubwiro wa kweli akalia kwenye miti ya nje. Watu wakageukia madirishani. Zsombor hakugeuka. Alikuwa anamsikiliza mkewe.