Nuala na Matangazo ya Saa Tatu

Foleni ya kutoa pole ilianzia kwenye nyumba ya maombolezo, ikapita baa ya akina Tierney, ikaishia getini mwa kanisa. Hapa kwetu Cloonagarve mtu akifa tunakwenda wote, hata tuliokuwa hatusemezani naye. Fiachra Devane, fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe aliyehamia kwetu juzijuzi, alisimama katikati ya umati, koti limelowa mvua, akamwuliza mwanamke aliyekuwa mbele yake:

"Samahani dada, mzee alikufa na miaka mingapi?"

"Mzee gani?" Nuala Heffernan aligeuka. Alivaa koti jekundu kana kwamba anakwenda harusini. "Humo ndani amelazwa mwalimu Attracta."

"Ala! Mimi nimekuja kumzika Mick!"

"Mick yuko kijiji cha pili, ndugu yangu. Na huchomoki sasa, watu wameshakuona. Twende ukatoe pole, na ulie kidogo."

Akaingia, akashikana mikono na wafiwa kumi na wanne asiowajua, Nuala nyuma yake anaminya kicheko kwenye leso. Hapo ndipo walipopendana. Nilikuwa kwenye foleni hiyohiyo, sikusimuliwa.

Miezi minane simu zao hazikupoa.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe je, ng'ombe wamekupiga teke leo?"

"Mmoja tu. Anakuonea wivu."

Kijiji kizima kilijua Fiachra amenunua pete, na kwamba Jumamosi ataitoa.

Alhamisi asubuhi, ukungu umeziba madirisha, Nuala alikuwa jikoni akipaka mkate siagi. Saa tatu ikafika, redio ikaanza matangazo ya vifo. Wakati huo kwetu hakuna anayesema neno.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Fiachra Devane wa Cloonagarve, mume mpenzi wa Nuala..."

Sauti ilikuwa ya Packie Loftus, msomaji wa zamani wa matangazo hayo. Packie huyo tulimzika wenyewe miaka mitatu iliyopita.

Nuala akaizima redio. Kwetu hilo halifanyiki! Matangazo husikilizwa mpaka saa ya misa itajwe. Lakini hakuweza kusikia neno jingine kutoka kwa maiti.

Akapiga simu kituoni. Wakamwambia jina hilo halikusomwa. Akampigia Fiachra.

"Uko hai?"

"Niko chini ya ng'ombe, lakini hai. Kuna nini, mpenzi?"

"Hakuna." Akakata.

Akawaza siku mbili bila usingizi, akapata jibu moja: asipoolewa naye, hakutakuwa na mume wa Nuala wa kutangazwa. Jumamosi Fiachra alipogonga, amenyoa ndevu, ametia tai, alijibiwa mlango ukiwa umefungwa.

"Sikutaki tena, Fiachra."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nenda zako!"

Alipoondoka, Nuala alikaa sakafuni akalia mpaka kwikwi. Wiki tatu hakupokea simu zake, na kanisani alimpita kama hamjui. Tukasema ana mwanamume mwingine. Nami nilisema, Mungu anisamehe. Kumbe kila asubuhi alikuwa akiikodolea macho ile redio, aliyoichomoa kwenye umeme, na kila saa tatu ilikuwa ikikwaruza kidogo, kisha inanyamaza.

Jumatatu moja, saa tatu ikikaribia, Fiachra aliingia bila hodi, yuko na ovaroli lake, ananuka maziwa.

"Leo utasema. Kama kuna mwingine, nitajie nimchukie vizuri."

"Mwingine atoke wapi, wewe? Nakupenda mpaka naumwa!" Akamweleza yote.

Fiachra hakucheka. Alivuta kiti akaketi.

"Baada ya 'mume mpenzi wa Nuala', alisema nini?"

"Sijui. Nilizima."

"Ulizima? Kabla hajataja watoto? Kabla hajataja wajukuu?"

"Niliogopa!"

"Kwa hiyo hujui kama nakufa kesho, au nikiwa kibogoyo cha miaka tisini."

"Sijui, Fiachra. Ndicho kinachonitesa."

Akamshika mikono. "Hata mimi naogopa, usinione hivi. Lakini ukiniacha nitakufa vilevile, nitatangazwa mimi na kijiji tu, mkono wa pole ukose wa kupewa. Zikiwa siku tano, zikiwa miaka hamsini, nazitaka humu jikoni mwako."

Nuala machozi yalimtiririka. Kisha akafuta uso kwa kiganja.

"Pete iko wapi?"

"Mfukoni. Tangu siku ile haijatoka. Ina grisi."

"Itoe."

Juu ya rafu redio ikakwaruza, waya wake unaning'inia. Chumba kikawa cha baridi, pumzi zao zikaonekana.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha..." Packie alianza, taratibu, kama alivyozoea.

Fiachra aligeuza shingo asikilize. Nuala akamshika kidevu, akamrudisha amtazame yeye, akanyoosha kidole.

"Nivalishe haraka," alisema, "kabla hajafika kwenye jina."