Bibi Aliyepiga Hodi Garini

Hiyo baridi mnayoilalamikia si kitu, wajukuu. Baridi ni ile ya mwaka tisini na tisa, iliyomkuta Adela, mke wa Kalisti, kule stesheni ya treni ya Manassas, Marekani.

Alikwenda tu kumpokea mumewe anatoka kazini. Jioni, giza ndio linaingia. Treni ikachelewa. Theluji ikapanda nyuma ya gari mpaka ikaziba bomba la moshi, na Kalisti alishamwonya: ukiwasha injini hivyo, moshi unarudi ndani, mnalala hamwamki. Basi Adela akazima. Akamfunika mtoto wao, Jacqueline, kitenge, juu yake blanketi, akamlaza kiti cha nyuma. Yeye mwenyewe soksi juu ya soksi, mikono kwapani, meno yanagongana.

Wengine waliokuja kupokea watu walishakata tamaa, wakaondoka. Limebaki gari lake tu. Na tangu afike Marekani, siku nzima ilikuwa inaweza kupita hajasikia mtu akimwita jina.

Ngo, ngo, ngo. Kwenye kioo.

"Hodi…"

Hodi! Manassas! Jinsi alivyokuwa na hamu ya sauti ya nyumbani, mdomo ukatangulia akili.

"Karibu!"

Mlango wa nyuma ukafunguka… na alikuwa ameufunga kwa loki.

Ikaingia harufu ya majivu yaliyopoa. Bibi mfupi, kanga kichwani, miguuni ndala. Ndala, kwenye theluji! Hakungoja kupewa mtoto, akampakata.

"Wamekuacha kwenye baridi, maskini."

"Tunamsubiri baba yake," Adela akanong'ona.

"Hata mimi waliniacha hapa, ndani ya gari. Wakasema, subiri bibi, tunarudi sasa hivi."

Adela akamtazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Pumzi yake mwenyewe ilikuwa inatoka mvuke. Ya mtoto, kamvuke kadogo. Bibi naye anaongea, anaongea…

Hakuna mvuke.

"Huyu nitaondoka naye," bibi akasema taratibu. "Nimechoka kukaa peke yangu."

Adela akawaza. Apige kelele, nani amsikie? Amnyang'anye, je, akimkaba mtoto? Ndipo yakamjia malezi ya kwao. Mgeni akiondoka anasindikizwa, na mzigo wake anabeba mwenyeji.

"Basi, bibi… ngoja nikusindikize. Lete mzigo nikupokee."

Bibi akacheka, he he he.

"Mama yako alikulea."

Akampa Adela mtoto.

Wakatembea. Kra, kra, theluji chini ya viatu vya Adela. Chini ya zile ndala… kimya. Walipofika mwisho wa mwanga wa taa za stesheni, bibi akasimama.

"Ishia hapo, mwanangu."

Adela akageuka, mtoto kifuani, anaharakisha bila kukimbia. Mara, nyuma yake, kwenye sikio kabisa:

"Na mimi nikusindikize kidogo."

Hakutazama nyuma. Treni ikapiga honi, ikaingia. Kalisti akashuka, begi begani, anatabasamu. Akatazama nyuma ya bega la mkewe, akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba," sauti ikaitika. "Tumekusubiri sana."