Komeo Lililolegea

Kila Jumamosi mchana nilifagia ukumbi, nikapanga viti na kutandika kitambaa cheusi juu ya meza ya babu. Babu alikuwa fundi seremala mstaafu, na siku hiyo nyumba yetu ilijaa watu kama harusi isiyo na bibi harusi. Walikuja na visu: vya kukunja na vya kuwindia, vyenye mipini ya mti, ya pembe na ya shaba. Hawakuuza wala kununua. Walibadilishana, wakasimuliana kila kisu kimetoka wapi, kisha wakahamia kwenye umbea wa mtaa. Hapo ndipo mimi nilipoketi vizuri.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na waliniita Kasuku kwa sababu ya domo langu. Babu aliniruhusu kuwa na visu viwili, ambavyo havikutoka nje ya nyumba. Sharti la wote lilikuwa moja: kabla ya kubadilishana, mwenye kisu ataje kasoro zake, hata kama hajaulizwa.

Kisu changu kizuri kilikuwa cha kukunja, chenye mpini wa pembe. Lakini kilikuwa na ugonjwa. Komeo, yaani kile chuma kidogo kinachokizuia kisijifunge kikiwa kazini, lilikuwa limelegea. Siku moja nikichonga penseli, kilijifunga ghafla, kikanikosa kidole kwa unywele tu. Sikumwambia mtu.

Jumamosi moja Kinyozi, baba wa rafiki yangu Kidoti, alileta kisu cha kuwindia chenye ala ya ngozi nyekundu. Nilikitamani hadi mate yakanijaa. Babu alikuwa ameingia ndani kutafuta viti vya kuongeza.

"Mjomba, tubadilishane," nilisema, nikimwonyesha changu.

"Wee Kasuku, una jicho la mwewe! Haya, lete." Alikifungua, akakifunga. "Kina tatizo lolote?"

"Hakina, mjomba."

"Basi. Mjukuu wa fundi akisema hakina, mimi ni nani nipime tena?"

Jumatano Kidoti hakuja shule. Alhamisi alikuja macho yamevimba.

"Baba amejikata," aliniambia. "Alikuwa anakata mkanda wa ngozi dukani, kisu kikajikunja juu ya kidole cha shahada. Daktari ameshona, lakini anasema kano imekatika. Hakitakunjika tena kama zamani."

"Mkono gani?"

"Wa kulia. Wa mkasi."



Jumamosi Kinyozi alikuja na mkono uliofungwa bendeji. Wenzake hawakumwacha. "Bwana, nywele zimeisha mtaani, sasa unanyoa vidole?" Wakacheka, naye akacheka kidogo. Kisha akaniita pembeni, akatoa kile kisu mfukoni.

"Mwanangu, nisamehe. Kisu chako nimekiharibu. Nadhani nilikikandamiza vibaya hadi komeo likalegea." Aliutazama mkono wake. "Mikono yangu imezeeka. Haiaminiki tena."

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa.

"Haidhuru, mjomba," nilisema.

Wiki moja baadaye, wakati wa mapumziko, Kidoti alinikuta kwenye bomba la shule.

"Leo jioni mtu anakuja kuchukua kiti cha kunyolea. Baba anafunga duka."

"Kwa nini? Si ana mashine? Atumie mkono wa kushoto."

"Mama amemwambia hivyo hivyo. Baba anasema kama ameshindwa na kisu kidogo, atawakata watu masikio. Jana alikataa hata kukata mkate. Alinipa mimi."

Siku hiyo nilirudi nyumbani mbio, nikamweleza babu yote. Hakunipiga wala kunifokea. Aliketi tu, akanywea kitini. Kisha akasema, "Vaa viatu. Twende."

Dukani kioo kilikuwa kimeshushwa na kuegemezwa ukutani. Kinyozi alikuwa akifunga vitana kwenye gazeti kwa mkono mmoja. Kidoti alikuwa akifagia.

"Mjomba," nilisema, "kisu hukukiharibu wewe. Komeo lilikuwa bovu tangu kwangu. Nilijua. Uliponiuliza, nilikudanganya."

Kidoti aliuangusha ufagio, akanitazama, akatoka nje. Hakunisemesha tena hadi muhula ulipokwisha.

Kinyozi aliigeuza mikono yake, juu na chini, kama vitu alivyoviokota.

"Kwa hiyo haikuwa mikono," alisema polepole.

"Haikuwa, mjomba."

Aligeukia ukutani akalia. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akilia hivyo, na aliyemliza ni mimi.

Babu alisubiri anyamaze. Kisha akakalia kile kiti. "Haya, ninyoe."

"Mzee, kwa mkono wa kushoto?"

"Kichwa ni changu. Na nywele zenyewe zimebaki za kuhesabu."

Mashine iliwaka. Mkono ulisitasita, ukaacha vijidaraja nyuma ya kichwa cha babu, lakini haukumchubua. Kinyozi alizungumza bila kunitazama.

"Kasuku, tamaa ya mtoto naijua, hiyo nimekusamehe. Na kidole, nitakizoea. Lakini siku zote hizi nimekuwa nikiiogopa mikono yangu mwenyewe, na dawa yake ulikuwa nayo wewe mdomoni. Ukimkosea mtu, wahi kumwambia ukweli. Ukichelewa, atajilaumu kwa kosa lisilo lake, na lawama hiyo hukata ndani kuliko kisu."

Alizima mashine, akapangusa shingo ya babu. Mlangoni mtu aliyekuja kuchukua kiti alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Samahani, ndugu," Kinyozi alimwambia. "Kiti hakiondoki. Ila kama unataka kunyolewa, karibu."