Filimbi ya Eliseo

Filimbi ilikuwa na uvuguvugu, kama imetoka mdomoni mwa mtu sasa hivi. Na baridi ya siku ile ilikuwa ya kupasua meno.

Yerko, mwokoaji wa mlimani mwenye mdomo mrefu kuliko milima ya Andes yenyewe, alicheka. Yake alikuwa ameisahau nyumbani, na bila filimbi mkuu wao angemwondoa kwenye zamu ya Koo, mteremko mkali kuliko yote pale, ule aliojisifu kuushuka huku akitafuna andazi. Basi akachomoa ya Eliseo kwenye kijumba cha bati cha kumkumbukia marehemu, pale juu ya Koo. Eliseo naye alikuwa mwokoaji. Theluji ilimmeza miaka minane iliyopita, ikarudisha filimbi tu.

"Naiazima tu, mzee," Yerko alisema. "Wewe pumzi ya kupulizia huna."

"Irudishe, we mwehu!" alinong'ona Maitén, mwenzake wa zamu. "Cha marehemu hakiazimwi bure."

"Dada, unatishwa na kijumba cha bati?"

Saa kumi na moja jioni waokoaji hushuka mara ya mwisho kwa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, wasimwache mtu mlimani. Ukungu ukifunga, amri ni moja: fuata filimbi, sauti usiifuate, maana Koo linajua kuita.

Yerko akashika kulia, Maitén kushoto. Upepo mweupe ukawafunika.

"Maitén! Nimevunjika mguu! Njoo huku chini, dada!"

Sauti ilikuwa ya Yerko kabisa, ikitoka chini. Lakini juu, kwa mbali, filimbi ililia.

Maitén akasimama, na harufu ya sufu iliyooza ikampanda kutoka chini, na sauti ikambembeleza, ikamtania, ikamwita muoga, ikazidi kusogea, mpaka akaisikia hatua tatu mbele yake, mahali ambapo hapakuwa na ardhi, naye akageuka, akavua skii, akapanda kwa magoti, huku kitu kikimpumulia kisogoni, hadi filimbi ilipokuwa ikilia.

Alimkuta Yerko amezama kwenye theluji hadi kifuani, filimbi mdomoni, machozi yameganda.

"Kumbe ni wewe! Sema kitu, kaka!"

Yerko akafumbua mdomo. Haukutoka hata mkoromo.

Kesho yake waliirudisha filimbi, wakawasha mishumaa, wakaomba radhi. Eliseo hakurudisha alichoazima yeye.

Mpaka leo Yerko ni bubu. Lakini kila jioni wakifunga mlima, Koo hucheka kwa sauti yake:

"Naiazima tu, mzee!"