Shimo Jeusi Halipimwi kwa Pembe

Kila asubuhi, kule Karuba, kijiji cha upande wa Goma, Mama Thacienne alikamua ng'ombe zake tatu. Alipeleka maziwa kwa watu wanaotengeneza fromaji, yaani jibini, kisha akarudi kupika maharagwe. Vita ilikuwa nyuma ya vilima. Siku ingine watu walikimbia, siku ingine walirudi na kuendelea na kazi. Ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka ule wa 2012.

Binti yake Cindy alikuwa anamaliza sekondari. Kusoma gani huko! Walimu wawili walikuwa wamekimbia, na paa la darasa lilikuwa shitingi, turubai tu ya plastiki. Lakini Masera Céline, mtawa, alikuja kutoka Goma na habari nzuri. Alikuwa na nafasi moja tu ya kusoma fizikia kwenye chuo kikuu. Jumapili, siku ya Mungu, baada ya misa, wanafunzi watano wataeleza sayansi mbele ya wazazi. Atakayeeleza vizuri kuliko wengine, nafasi ni yake.

Thacienne aliitaka nafasi ile kwa moyo wote. Hata kwenye maombi aliitaja wazi.

Jioni moja Mwalimu Anne, jirani yao, alikuja kumusikiliza Cindy akijaribu. Cindy alibandika picha mbili ukutani.

"Hizi ni galaksi," alisema. "Galaksi ni kundi kubwa sana la nyota. Jua letu pia iko ndani ya moja. Karibu kila galaksi kubwa iko na shimo jeusi katikati. Si shimo kweli. Ni kitu kizito sana mahali padogo, mpaka mwangaza hauwezi kutoka."

"Vizuri," Anne alisema. "Kati ya hizi mbili, shimo zito liko wapi?"

Cindy akagusa galaksi pana, yenye mikono mirefu ya nyota. "Hapa. Hii njo kubwa zaidi."

"Hapana. Liko kwenye hii ya mviringo. Mikono haituambii mengi. Tazama uvimbe wa nyota katikati. Hii ya mviringo ni kama uvimbe peke yake. Mule nyota zinakimbia kila upande. Wataalamu wanachunguza mwangaza wa nyota hizo, wanajua mbio zake. Mbio zikiwa kali, shimo nalo ni zito."

Cindy akakaa chini. "Nitaelezaje watu hiyo, Mwalimu? Shimo halionekani. Watasema ni uongo."

Thacienne, aliyekuwa akichambua maharagwe, akacheka. "Kosa hiyo naijua. Ni ya sisi wafugaji."

"Mama, wacha mchezo."

"Sichezi. Ulikuwa mudogo. Tulikuwa na ng'ombe moja ya pembe ndefu, watu wanasimama njiani kuitazama. Ikapata minyoo. Nikapima dawa kwa macho, dawa ya ng'ombe kubwa, kumbe mwili wake ulikuwa mudogo. Ikaanguka palepale, ikabaki kidogo ife. Michel wa dawa za ng'ombe alinigombeza vibaya. Akasema, Mama, usitazame pembe. Zungusha kamba kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Kifua njo inasema ukweli wa uzito. Tangu siku ile sijakosea dawa, na balansi ya kupimia uzito sina."

Anne akaweka kikombe chini. "Mama Thacienne, rudia hiyo."

Akarudia polepole, na Cindy akaandika.

"Mikono njo pembe," Anne alisema. "Uvimbe njo kifua. Mbio za nyota njo kamba. Lakini useme pia kwamba kamba inakosea kidogo."

"Ng'ombe ya mimba inadanganya," Thacienne alisema.

"Galaksi zingine pia, Mama."

Siku ya Mungu ikafika. Cindy alikuwa wa mwisho kueleza kati ya wale watano. Cindy alionyesha picha zake, akauliza shimo zito liko wapi. Watu wote wakataja ile ya mikono mirefu.

"Wazazi wangu," Cindy alisema, "mumenunua pembe."

Wafugaji wakacheka mpaka viti vikalia. Akawaeleza yote. Ndipo Papa Straton, mwenye ng'ombe nyingi na ulimi mkali, akasimama.

"Wewe umeliona hilo shimo?"

"Hapana, Papa. Na ng'ombe yako kubwa, uliiweka kwenye balansi siku gani?"

"Haijapanda balansi."

"Sasa uzito wake unaujua namna gani?"

Straton akakuna kichwa. "Kwa kamba."

"Na sisi vilevile."

"Basi nijibu hii," Straton alisema. "Shimo njo linakuza uvimbe, ao uvimbe njo unakuza shimo?"

Thacienne alishika kitambaa chake kwa nguvu.

"Inaonekana vinakua pamoja," Cindy alijibu. "Lakini namna gani hasa, wataalamu wangali wanabishana. Njo maana nataka kwenda kusoma."

Straton akaanza kupiga makofi yeye wa kwanza. Masera Céline akafunga karatasi zake. "Mama ya huyu mutoto iko wapi? Aje tuandike jina la Cindy kwa ile nafasi."

Thacienne alikuwa amekwisha kusimama. Alijaa fahari, na hakuificha.

"Niko hapa, Masera," alisema. "Masomo inaanza siku gani?"